Tulichoongeza na Tulichopunguza katika Maandalizi ya Sakramenti

Hotuba ya katekista kwa wazazi, wasimamizi wa ubatizo na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo katika parokia moja ya Mombasa, majuma machache kabla ya Kwaresima

Baba Paroko, masista, wazee wa baraza la parokia, viongozi wa jumuiya, wazazi na wasimamizi mlioacha shughuli zenu za Jumamosi alasiri kuja hapa: Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeombwa nizungumze juu ya maandalizi ya sakramenti, na ninajua kwamba wengi wenu mmekuja mkitarajia kuambiwa tarehe, michango na mavazi. Tarehe mtapewa na ofisi. Mimi nina jambo moja tu la kusema, na nitalifuata kutoka kisima cha ubatizo hadi kitanda cha mgonjwa. Katika mji wetu huu tumeyaongezea maandalizi ya sakramenti mambo ambayo Kanisa halikuyaomba kamwe, na wakati huohuo tumeyapunguza yale machache ambayo Kanisa linayataka kwa dhati. Kwa sababu hiyo wapo watu wenye haki ya kupokea sakramenti wanaokaa nje miaka na miaka kwa kukosa fedha za karamu, na wapo wengine wanaozipokea kwa shangwe na vigelegele bila kujua wamepokea nini.

Haki hiyo sikuitunga mimi. Sheria ya Kanisa iliyotangazwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1983 inasema, katika kanuni ya 843, kwamba wahudumu watakatifu hawawezi kuwanyima sakramenti wale wanaoziomba kwa wakati unaofaa, walio tayari ipasavyo na wasiozuiliwa na sheria. Kanuni hiyohiyo inaendelea kusema kwamba wachungaji pamoja na waamini wengine, kila mtu kwa nafasi yake, wana wajibu wa kuhakikisha kwamba anayeomba sakramenti anaandaliwa. Kisha kanuni ya 848 inamkataza mhudumu kudai chochote zaidi ya sadaka iliyowekwa na mamlaka husika, na inamtaka aangalie daima kwamba maskini hakosi sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Yasomeni pamoja maneno hayo, nanyi mtaona kwamba sheria inafungua mlango na kuweka kazi. Mlango unafunguliwa kwa anayeomba, na kazi ya kumwandaa imewekwa juu yetu sote tuliomo ndani.

Sisi ni watu wa mji wa bandari na tunaijua forodha: tunaijua foleni yake, mihuri yake, na jinsi mzigo halali unavyoweza kukaa ghalani hata mwenyewe akachoka kuufuatilia. Papa Fransisko alipoandika mwaka 2013 kwamba Kanisa si kituo cha forodha bali ni nyumba ya Baba, yenye nafasi kwa kila mtu pamoja na taabu za maisha yake, alitumia mfano ambao mkazi wa Kilindini hahitaji kufafanuliwa. Lakini lazima niseme wazi kwamba wanaosimama kwenye kizuizi hicho mara nyingi si mapadre. Ni shangazi anayeshikilia kwamba mtoto hawezi kubatizwa kabla sare za ukoo hazijashonwa. Ni kamati ya harusi inayopanga bajeti kubwa kuliko mshahara wa bwana arusi wa mwaka mzima. Ni sisi wanajumuiya tunaomtazama mtu kwa jicho la pembeni mpaka anaona heri abaki nyumbani.

Nianze na ubatizo wa watoto wachanga. Kanuni ya 867 inawataka wazazi wahakikishe kwamba mtoto anabatizwa katika majuma ya kwanza ya maisha yake, na inawataka wamwendee paroko mara tu mtoto azaliwapo, au hata kabla hajazaliwa, ili waombe sakramenti na waandaliwe ipasavyo. Angalieni vizuri ni nani anayeandaliwa hapo. Ni mzazi, kwa maana mtoto mwenyewe hana cha kuandaliwa zaidi ya kuogeshwa na kuvishwa. Kwetu sisi mtoto huletwa akiwa anatembea, na wengine huletwa wakiwa wamekwisha kuingia chekechea, na ukiuliza sababu unaambiwa kwamba fedha za mahema na viti hazijapatikana, au nyanya hajapata nauli ya kutoka bara, au msimamizi aliyekusudiwa anafanya kazi Qatar na likizo yake ni Desemba.

Kanisa lenyewe linataka nini? Linataka mzazi mmoja angalau awe amekubali, na liwepo tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Hayo ndiyo masharti ya kanuni ya 868. Tumaini hilo likikosekana kabisa, ubatizo huahirishwa na wazazi hupewa sababu. Hapakuandikwa mahali popote kwamba mtoto wa mama asiye na mume asibatizwe. Ninawaomba wenyeviti wa jumuiya mlishike jambo hili, kwa sababu nimewaona mabinti zetu wakisimama nyuma kabisa ya kanisa, mtoto amefungwa kwa leso mgongoni, Jumapili baada ya Jumapili, wakiiogopa fomu inayodai sahihi ya mwenyekiti. Swali ambalo mwenyekiti anapaswa kulijibu juu ya mama wa namna hiyo ni moja tu: je, yupo mtu atakayemfundisha mtoto huyu kusali? Akiwa ni mama mwenyewe, au nyanya wa mtoto, au msimamizi aliye tayari, basi tumaini lipo na sahihi itiwe.

Niongeze jambo ambalo kila mzazi na kila mkunga alijue. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa na padre hayupo, mtu yeyote mwenye nia ya kutenda kama Kanisa litendavyo anaweza kumbatiza. Anamimina maji kichwani mwa mtoto huku akisema: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Maji ya mfereji yanatosha, hata yakiwa ya kikombe cha plastiki kando ya kitanda cha hospitali. Mtoto akipona, asibatizwe tena. Aletwe parokiani ili ubatizo wake uandikwe na ibada zilizosalia zikamilishwe.

Juu ya wasimamizi nitakaa kidogo, maana hapa ndipo tulipopunguza kuliko mahali pengine. Sheria inataka msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyekwisha kupokea Kipaimara na Ekaristi, aishi maisha yanayolingana na imani na kazi anayoichukua, na asiwe baba wala mama wa mtoto mwenyewe. Anaweza kuwa mwanamume mmoja, au mwanamke mmoja, au mmoja wa kila upande. Sharti la gari halipo, wala la cheo kazini. Hata hivyo tunawatafuta wasimamizi kama tunaotafuta wafadhili: bosi, diwani, mjomba mwenye duka. Anafika akiwa amechelewa, anashika mshumaa, anapigwa picha, anaacha bahasha, na mtoto hamwoni tena hata siku ya Kipaimara. Wakati huohuo jirani wa nyumba ya tatu, mama anayesali rozari kila jioni na ambaye mtoto angeweza kumkimbilia kwa miguu yake mwenyewe, hakufikiriwa hata kidogo kwa sababu anauza viazi karai.

Katika ibada ya ubatizo mshumaa wa mtoto huwashwa kutoka mshumaa wa Pasaka, na padre huwaambia wazazi na wasimamizi kwamba mwanga huo wamekabidhiwa wao wautunze. Mchagueni mtu mnayejua atakuwepo. Nanyi mnaoombwa kusimamia, mkiona hamna nafasi ya kumfuatilia mtoto, kataeni kwa upole. Kukataa kwa namna hiyo ni kumtendea mtoto mema.

Mji huu una historia inayotufundisha kitu juu ya watu wanaombatiza mwenzao kisha wakamwacha. Yusuf bin Hassan, mrithi wa ufalme wa Mombasa, alichukuliwa akiwa mtoto baada ya baba yake kuuawa kwa hila ya Wareno, akapelekwa Goa, akabatizwa kwa jina la Jerónimo na kufunzwa na watawa Waagustino, kisha akarudishwa kutawala. Wanahistoria wanaeleza jinsi maafisa wa Kireno walivyomdharau na kumdhalilisha katika mji wake mwenyewe. Agosti mwaka 1631 aliuacha Ukristo, akaiteka Ngome ya Yesu, na Wakristo waliokataa kuikana imani yao wakauawa, Wareno kwa Waafrika. Hao ndio tunaowaita Wafiadini wa Mombasa. Sisimulii haya ili nimnyoshee kidole jirani yetu yeyote wa leo, na uthabiti wa wafiadini hao utabaki heshima ya Kanisa la Pwani siku zote. Ninayasimulia kwa sababu ya yule kijana wa Goa. Alipewa maji, alipewa jina, alipewa walimu wasomi, lakini watu waliodai kuwa ndugu zake katika Kristo hawakumtendea kama ndugu. Jumuiya inapompokea mbatizwa mpya, iwe ni mtoto au ni mtu mzima anayetoka kwenye mafundisho ya wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, inapaswa kujiuliza mwezi unaofuata kama kuna mtu aliyekwenda kumjulia hali.

Kwa hao wakatekumeni watu wazima nina maneno machache tu, kwa kuwa wanafunzwa na wenzangu kwa bidii kubwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, uliagiza ukatekumeni wa watu wazima urudishwe kwa hatua zake, na hatua hizo zina maana. Mtu asiombe kuzirukishwa kwa sababu amepata uhamisho wa kazi au kwa sababu harusi yake imekaribia. Katika Mkesha wa Pasaka atapokea Ubatizo, Kipaimara na Ekaristi kwa usiku mmoja, na inafaa afike usiku huo akiwa amezoea kusali, si akiwa amekariri majibu tu.

Sasa Komunyo ya Kwanza. Mwaka 1910 Papa Pius wa Kumi aliamuru watoto wasicheleweshwe, bali wapokee Ekaristi wanapofikia umri wa kupambanua, yaani karibu miaka saba. Alichotaka mtoto ajue ni kidogo na ni kikubwa: azijue kweli kuu za imani kwa kadiri ya umri wake, autofautishe Mwili wa Kristo na mkate wa kawaida, na apokee kwa ibada. Wajibu wa kumfikisha hapo umewekwa kwanza juu ya wazazi, kisha juu ya paroko. Kanuni ya 914 iko wazi juu ya utaratibu huo. Katekista ni msaidizi, ingawa huduma yake ina hadhi yake, na Papa Fransisko aliifanya rasmi kuwa huduma ya walei mwaka 2021.

Mimi ninakaa na mtoto wako kwa saa moja siku ya Jumamosi, akiwa na njaa na hamu ya kwenda kucheza mpira. Ninaweza kumfundisha Nasadiki na Amri Kumi za Mungu. Siwezi kumfundisha kwamba watu wazima husali, kwa sababu hilo analiona nyumbani au halioni popote. Ninamtambua mtoto anayesali nyumbani kwa jambo dogo sana: ninaposema tufanye ishara ya msalaba, mkono wake unatangulia maneno yangu, na kichwa chake kinainama chenyewe. Mwingine hutazama kwanza jirani anafanya nini. Huyu wa pili hana upungufu wa akili hata kidogo, na mara nyingi ndiye wa kwanza darasani. Amekosa tu kuona baba yake akipiga magoti.

Ndivyo ilivyo pia na kitubio, ambacho mtoto anapaswa kukipokea kabla ya Komunyo ya Kwanza. Watoto wanauliza maswali ya kweli juu ya kuungama. Je, padre atamwambia mama? Nikisahau dhambi moja itakuwaje? Tunawajibu kwamba padre hawezi kumwambia mtu yeyote, kwa sababu siri ya maungamo haivunjwi hata kwa tishio la kifo, na kwamba dhambi iliyosahauliwa bila kukusudia imesamehewa pamoja na nyingine. Wanaelewa na wanatulia. Lipo swali moja linalotushinda kulijibu kwa niaba yenu, nalo ni hili: "Mbona baba haendi?" Sheria inamtaka kila mwamini aliyefikia umri wa kupambanua aungame dhambi zake kubwa angalau mara moja kwa mwaka. Kwaresima hii kutakuwa na mapadre wa kuungamisha. Simameni kwenye foleni ile pamoja na watoto wenu, mkiwa mbele yao.

Kuhusu nguo nyeupe, ni nzuri, na iliyoazimwa ni nzuri vilevile. Kuhusu keki na bendi sina la kusema. Mtoto ajue tu kwamba anafunga saa moja kabla ya kupokea, ila maji na dawa vinaruhusiwa.

Kipaimara tunakitendea vibaya kwa namna nyingine: tumekigeuza kuwa kuhitimu. Baba Askofu anafika, anawapaka vijana krisma takatifu kwenye paji la uso, na baada ya miezi mitatu huwaoni tena wengi wao. Viongozi wa vijana, wagaweni watoto hawa katika kazi kabla siku hiyo haijafika: kwaya, usomaji, kutembelea wagonjwa, kuwafundisha wadogo. Anayepewa kazi kabla ya kupakwa mafuta ataelewa mafuta yale ni ya nini.

Nimefika mahali penye uchungu zaidi, na nitasema polepole. Katika parokia zetu za Pwani wapo mume na mke walioishi pamoja kwa uaminifu, wamezaa, wamesomesha, wanatoa zaka, wanafagia kanisa zamu yao ikifika, lakini kwa kuwa hawajafunga ndoa kanisani, wakati wa Komunyo wanabaki kwenye benchi na kukunja miguu ili watoto wao wapite. Wamekaa hivyo miaka kumi, wengine ishirini. Ukiwauliza kwa faragha kwa nini hawajafunga ndoa, ni wachache watakaokutajia kizuizi halisi cha sheria ya Kanisa. Walio wengi watakutajia fedha.

Basi tutazame ni nini kinachohitajika ili Wakatoliki wawili wafunge ndoa halali. Wawe huru, yaani pasiwepo ndoa nyingine wala kizuizi kingine. Wapeane ridhaa bila kushurutishwa, wakikusudia muungano wa kudumu, uaminifu wa mmoja kwa mmoja, na utayari wa kupokea watoto. Ridhaa hiyo waitoe mbele ya askofu au paroko, au padre au shemasi aliyepewa mamlaka, pamoja na mashahidi wawili. Serikali nayo, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, inataka kila mmoja awe ametimiza miaka 18 na ndoa isajiliwe. Itafuteni keki katika orodha hiyo. Utafuteni ukumbi wa Nyali, msafara wa magari na mabinti sita wenye nguo za rangi moja. Hamtaviona. Mume na mke wanaweza kuja kwenye Misa ya asubuhi ya siku ya kazi, na mashahidi wao wawili, na nguo zao safi za Jumapili, wakafunga ndoa ambayo haipungui kitu chochote mbele ya Mungu kuliko ile iliyojaza uwanja. Ninaloliomba baraza la parokia ni kwamba ndoa ya namna hiyo isiitwe ya kimaskini na mtu yeyote katika parokia hii, na kwamba jumuiya ya wahusika ihudhurie, iimbe, na iwapikie chai.

Mahari ninayataja kwa adabu, kwa kuwa wazee wamo humu na kwa kuwa mahari yana heshima yake kati ya koo mbili. Hata hivyo Kanisa halijayafanya kuwa sharti la ndoa, na sheria ya nchi yenyewe, ile ya mwaka 2014, inasema juu ya ndoa za kimila kwamba panapohitajika mahari, sehemu ndogo iliyotolewa kuonyesha nia yatosha kuithibitisha ndoa. Ikiwa sheria imekuwa na upole huo kwa ndoa ya kimila, mzee Mkristo atawezaje kumzuia binti yake asifike altareni kwa ajili ya mbuzi waliosalia? Deni la mahari na liendelee kulipwa baada ya ndoa kwa kadiri ya makubaliano ya wazee. Binti huyo anakosa Ekaristi kila juma, na hakuna mbuzi atakayemrudishia Jumapili hizo.

Upande wa pili wa jambo hili ni kwamba tulichokipunguza katika ndoa ni maandalizi yenyewe. Wachumba wanakuja na tarehe ya ukumbi mkononi, wanauliza kama mafundisho yanaweza kumalizwa kwa juma moja. Yale mahojiano ambayo padre huyafanya na kila mmoja peke yake wanayachukulia kama utaratibu wa ofisi tu, ilhali hapo ndipo mtu hupewa nafasi ya kusema bila mwenzake kusikia kama analazimishwa, kama ana mtoto mahali, kama ana shaka. Matangazo ya ndoa yanayosomwa kanisani nayo yana kazi: kila mwenye kujua kizuizi anapaswa kukisema wakati huo, si kukinong'ona jikoni siku ya harusi.

Tena lipo jambo la vyeti, ambalo linawachosha watu wengi wa mji huu kwa sababu wengi wetu hatukubatizwa hapa. Mmoja alibatizwa Bura, mwingine Machakos, mwingine Kakamega. Niwaeleze kwa nini tunadai cheti kipya badala ya kile cha zamani kilichohifadhiwa kabatini. Daftari la ubatizo ni kitabu kikubwa kinachobaki katika parokia ulikobatizwa. Katika mstari wako mna namba, jina lako, siku ya kuzaliwa, majina ya wazazi na wasimamizi, mahali na tarehe ya ubatizo, na jina la aliyekubatiza. Kando yake huachwa nafasi, na humo huandikwa baadaye Kipaimara chako, ndoa yako, upadre au nadhiri za utawa kama umeitwa huko. Kwa hiyo cheti kilichotolewa juzi kinaonyesha kama nafasi ile ya ndoa iko wazi, na kile cha miaka ishirini iliyopita hakiwezi kuonyesha hivyo. Andikeni barua mapema kwa parokia zenu za nyumbani, na msingoje mwezi wa harusi. Na anayekwama, aje ofisini: paroko anaweza kumwandikia paroko mwenzake.

Hatuwezi kuzungumzia ndoa Mombasa bila kutaja ndoa kati ya Mkatoliki na mtu wa imani nyingine, kwa maana tunaishi uani pamoja, tunazikana na kusaidiana, na vijana hupendana. Mkatoliki anayetaka kuoana na Mkristo wa kanisa jingine anahitaji ruhusa, na anayetaka kuoana na mtu asiyebatizwa, kwa mfano Mwislamu, anahitaji askofu amwondolee kizuizi, la sivyo ndoa hiyo si halali kwa sheria ya Kanisa. Mkatoliki huahidi kwamba ataishika imani yake na kwamba atafanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki, na mwenzake huarifiwa wazi juu ya ahadi hiyo. Mwenzake naye ana dini yake yenye sheria zake, na ni haki kuzijua na kuziheshimu kabla ya neno la uchumba kutoka. Wazazi, msingoje mpaka kijana amekwisha kuamua. Mleteni kwa padre mapema, bila ukali na bila kumfukuza nyumbani, kwa sababu anayefukuzwa hufunga ndoa pasipo kusikia neno la mtu yeyote.

Mwisho ni Mpako wa Wagonjwa. Yakobo aliandika kwamba mtu akiwa mgonjwa awaite wazee wa Kanisa, nao wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Sakramenti hii ni ya mwamini anayeanza kuwa katika hatari kwa sababu ya ugonjwa au uzee. Mzee aliyedhoofika anaweza kuipokea, na mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa anaweza kuipokea, na mgonjwa akipona kisha akaugua tena sana, au hali yake ikizidi kuwa mbaya, hupakwa tena. Lakini sisi tunamwita padre mgonjwa akiwa amekwisha kukata kauli. Tunaogopa kwamba akimwona padre atadhani tumekata tamaa, na kwa woga huo tunamnyima nafasi ya kuungama akiwa na akili zake, na ya kupokea Komunyo akiwa bado anaweza kumeza. Hofu hiyo ni yetu wenye afya. Wagonjwa wengi niliowatembelea pamoja na padre walikuwa wakimngoja.

Maandalizi yake nyumbani hayana gharama. Wekeni meza ndogo karibu na kitanda, kitambaa cheupe kilichofuliwa, msalaba, mishumaa miwili, na glasi ya maji safi. Zimeni televisheni na simu. Mwambieni padre mlangoni kama mgonjwa anaweza kumeza, ili ajue amgawie kipande cha ukubwa gani. Akitaka kuungama, tokeni nje wote, hata mke wake, mpaka mtakapoitwa. Kisha rudini mkae karibu, msali, mwitikie kwa sauti, kwa sababu padre anapompaka mafuta kwenye paji la uso na kwenye viganja anafanya hivyo pamoja na Kanisa, na Kanisa katika chumba kile ni ninyi.

Kwa hiyo wenyeviti wa jumuiya, ninawaomba kila mmoja aandike karatasi mbili kabla ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao. Ya kwanza iwe na majina ya wagonjwa na wazee wasioweza kufika kanisani, pamoja na nyumba zao na mtu wa kumpokea padre, na kwa wale wa ng'ambo ya kivuko andikeni pia saa ambayo ni rahisi kuwafikia. Ya pili iwe na majina ya watoto ambao hawajabatizwa na ya mume na mke wanaotamani kufunga ndoa, ila ya hawa muwaulize kwanza wenyewe, kwa faragha, na asiyetaka jina lake liandikwe asiandikwe. Karatasi hizo msizisome mbele ya jumuiya. Mleteeni Sista ofisini zikiwa zimefungwa, naye atazikabidhi kwa Baba Paroko mwenyewe.